Walioponyoka Mkuki: Hesabu ya Mibilizi

Kati ya 60 na 100. Ndivyo hukumu inavyosema. Mwaka 2010, mjini Arusha, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walimtia hatiani Yussuf Munyakazi, mkulima tajiri wa mpunga wa Bugarama, kwa mauaji ya kimbari na uangamizaji. Waliona imethibitika kwamba aliongoza shambulio la parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili 1994, ambako waliuawa Watutsi zaidi ya 5,000, na kesho yake akaongoza shambulio la parokia ya Mibilizi, ambako waliuawa Watutsi kati ya 60 na 100. Alipewa kifungo cha miaka 25. Alikata rufaa, na mwaka 2011 hukumu ikabaki vilevile.

Mibilizi iko Gashonga, wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, karibu na mto Ruzizi unaotenganisha nchi hiyo na Kongo. Kabla ya mgawanyo mpya wa mikoa wa 2006 huku kote kuliitwa Cyangugu. Mapadri Weupe walifungua misheni hapo mwaka 1903, na miche ya kwanza ya kahawa ya Rwanda iliingilia hapohapo. Hadi leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi. Ni mahali pa kanisa, hospitali na kahawa. Aprili 1994 Watutsi wa vilima vya jirani walikimbilia huko kwa sababu iliyowapeleka wengine Shangi na Nyamasheke: katika machafuko ya miaka ya nyuma, aliyefika kanisani alisalimika.

Kila nikiusoma mstari huo wa hukumu nakwama kwenye neno “kati”. Kutoka 60 hadi 100 ni watu 40. Ni darasa zima la shule. Siwalaumu majaji, kwani anayekimbia panga hahesabu waliobaki nyuma, na mahakama haiwezi kuandika zaidi ya inachothibitishiwa. Lakini watu 40 hao walikuwa na majina, na jamaa zao waliosalia wanayajua. Nimeamua kuipiga hesabu hii kuanzia upande wao: kuponyoka kuligharimu nini, nani alilipia, na ni nani hakulipwa mpaka leo.

Kwa Kinyarwanda aliyesalimika huitwa umucikacumu, yaani aliyeponyoka mkuki. Neno linasema ameponyoka, basi. Halisemi alilala wapi usiku ule, wala kesho yake alikula nini.

Mtu aliyewapa majaji wa Arusha neno la kosa lenyewe naye alikuwa ameponyoka. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, alitoroka Warsaw Septemba 1939 Wajerumani walipovamia. Alipitia Lithuania, akafika Sweden mwaka 1940, akazunguka kwa njia ya Urusi na Japani hadi Marekani, Aprili 1941. Nyuma yake Wanazi waliwaua Wayahudi milioni 6, na 49 kati yao walikuwa ndugu zake, wazazi wake wakiwemo. Vita vilipokwisha aligundua kwamba ndugu yake Elias alikuwa hai, yeye na mkewe na watoto wao wawili. Sheria za wakati ule zilikuwa na jina la kumwua mtu mmoja, lakini kwa kosa la kuumaliza ukoo mzima kwa sababu ya asili yake hazikuwa na jina. Mwaka 1944 Lemkin alilitunga katika kitabu chake: genocide, ambalo sisi tunaliita mauaji ya kimbari. Kisha alizunguka korido za Umoja wa Mataifa akiwaomba mabalozi mmoja mmoja, hadi Mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo ukapitishwa Paris tarehe 9 Desemba 1948. Alikufa New York Agosti 1959, fukara, na waliomzika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Mkataba ule una vifungu 19. Unalieleza kosa, unaagiza wakosaji waadhibiwe, unataja mahakama za kuwahukumu. Fidia kwa aliyesalimika haimo. Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975, miaka 19 kabla ya Mibilizi. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilitolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Tangu Mkataba upitishwe, neno la Lemkin lilikuwa limesubiri miaka 50 kasoro miezi mitatu. Lilipoanza kufanya kazi, lilifanya kazi liliyoandikiwa: kumshughulikia muuaji.

Mahakama ya Arusha iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2015. Ilishtaki watu 93. Kati yao 62 walihukumiwa adhabu na 14 wakaachiwa huru. 10 walihamishiwa mahakama za nchi, watatu walikuwa bado mafichoni, wawili walikufa kabla ya hukumu, na wawili walifutiwa mashtaka. Vikao vilichukua siku 5,800, na mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa. Gharama hukadiriwa kuwa karibu dola bilioni 2. Ukizigawa kwa washtakiwa 76 waliofikishwa mwisho, kila mmoja aligharimu takriban dola milioni 26.

Cyangugu ilikuwa na kesi yake kubwa humo. Emmanuel Bagambiki aliyekuwa mkuu wa mkoa, waziri André Ntagerura aliyezaliwa huko, na Luteni Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya jeshi, walihukumiwa pamoja Februari 2004. Wawili wa kwanza waliachiwa huru. Imanishimwe alipewa miaka 27, na Julai 2006 rufaa ikaishusha hadi 12.

Sisemi fedha zile zilipotea. Bila Arusha, ubakaji usingetamkwa kuwa silaha ya mauaji ya kimbari, kama ulivyotamkwa katika hukumu ya Akayesu, na watu wenye vyeo wangekuwa bado wanabishana redioni kama kulitokea kitu au hakikutokea. Lakini katika bilioni zile mbili tafuta fungu la manusura. Mawakili, wafasiri, magereza na tiketi za ndege vilikuwa na mafungu yao. Shahidi aliyetoka Gashonga kwenda Arusha alilipiwa safari na malazi, akasema aliyoyaona, akarudi kwenye shamba lilelile na paa lilelile. Mahakama ilikuwa na uwezo wa kuamuru mali iliyoporwa irudishwe kwa mwenyewe. Uwezo huo haikuutumia hata mara moja. Kulipa fidia hakukuwa sehemu ya kazi yake.

Ndani ya nchi tatizo lilikuwa la ukubwa mwingine kabisa. Mwaka 1998 magereza yaliyojengwa kwa ajili ya watu kama 12,000 yalikuwa na mahabusu wapatao 130,000. Katika miaka kumi kuanzia mwisho wa 1996 mahakama za kawaida zilimaliza kesi za watu kama 10,000. Kwa mwendo huo mahabusu wa mwisho angesubiri zaidi ya karne. Hapo ndipo gacaca ilipofufuliwa, baraza la kukaa nyasini, lililokuwa likiamua ugomvi wa mipaka na mifugo na sasa likapewa damu ya watu. Majaribio yalianza 2002, nchi nzima ikafuata 2005, na tarehe 18 Juni 2012 mabaraza yakafungwa. Mabaraza yalikuwa 12,103, yakiwemo 9,013 ya ngazi ya chini kabisa. Kesi zilifika 1,958,634.

Makadirio ya gharama za gacaca hutofautiana, lakini yote yako katika makumi ya milioni za dola. Tuchukue milioni 50. Hiyo ni kama dola 25 kwa kesi moja, na jumla yake ni sehemu moja ya arobaini ya bajeti ya Arusha. Tarakimu hii hutajwa sana kwa sifa. Mimi naiona pungufu, kwa sababu inaacha nje mlipaji mkuu.

Mahakimu wa gacaca, inyangamugayo, hawakuwa na mshahara. Kwa mujibu wa sheria, mkutano wa kijiji ulihitaji watu wazima 100 ili uhalalike, na ulikaa mara moja kwa wiki. Zidisha 100 kwa mabaraza 9,013: kila duru moja ya vikao vya nchi nzima ilikula asubuhi 900,000 za wakulima. Ni asubuhi za kupalilia maharagwe, za kuchuma kahawa, za kibarua cha siku. Hakuna aliyeziandika kwenye hesabu za serikali kwa sababu hakuna aliyezilipia. Na katika watu 100 wale, manusura alilipa zaidi ya jirani yake. Alikaa nyasini mbele ya aliyemwulia watoto, akaambiwa athibitishe, akaulizwa alijuaje ilhali alikuwa amejificha. Jioni wakarudi nyumbani kwa njia moja, kwa sababu kijiji ni kimoja na kisima ni kimoja.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba takriban theluthi mbili za kesi zile, kama milioni 1.3, zilihusu mali. Ng’ombe waliochinjwa, mabati yaliyong’olewa, milango, magunia ya mtama. Kwa kesi za namna hiyo hapakuwa na kifungo. Adhabu ilikuwa kurudisha au kulipa. Muongo mmoja baadaye maelfu ya hukumu hizo zilikuwa bado hazijatekelezwa. Wadaiwa wengi ni wakulima wa vipande vidogo vya ardhi ambao wenyewe walitoka gerezani mikono mitupu. Wengine waliwaandikisha watoto wao mashamba kabla ya kuhukumiwa. Kwa hiyo manusura ana karatasi yenye muhuri inayosema anadai ng’ombe wanne, na zizi lake ni tupu.

Hapo ni mali peke yake. Kwa mume, mama au mtoto, gacaca haikuwa na bei yoyote. Mahakama za kawaida, kabla yake, zilikuwa zimeandika fidia kubwa katika hukumu zake, nyingine zikiitaja serikali pamoja na wahalifu, na takriban zote hazikulipwa. Muswada wa mfuko maalumu wa fidia uliandaliwa ukasubiriwa, haukuwa sheria.

Kilichokuwapo ni msaada. Januari 1998 sheria iliunda mfuko wa kuwasaidia manusura wenye shida zaidi, uliojulikana kwa kifupi cha Kifaransa FARG. Serikali iliutengea asilimia 5 ya mapato yake ya ndani, ikapandishwa kuwa 6 kwa sheria ya 2008. Kwa nchi iliyokuta hazina yake imebebwa hadi Zaire na serikali iliyokimbia, asilimia 5 ni mzigo wa kweli, na naiheshimu. Mfuko uliwasomesha vijana zaidi ya 100,000 sekondari, ukajenga nyumba, ukalipia matibabu. Mwaka 2021 kazi zake zilihamishiwa wizara mpya ya umoja wa kitaifa. Lakini msaada hupewa mwenye shida, na fidia hulipwa mwenye haki. Kwenye msaada unaulizwa kama u maskini kiasi cha kutosha. Mjane aliyejikakamua akafungua kibanda cha duka alijikuta anaeleza kwa nini bado anastahili.

Sheria ile ilihitaji tarehe, ikaweka kuanzia 1 Oktoba 1990 hadi 31 Desemba 1994. Tazama tarehe hiyo ya mwisho. Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na kuendelea hadi katikati ya Julai. Mwanamke aliyebakwa siku zile na kupata mimba alijifungua Januari, Februari, Machi au Aprili 1995. Mtoto wake alizaliwa baada ya daftari kufungwa, kwa hiyo hakuwa manusura kisheria, na karo yake haikuwa ya mfuko. Kuna maelfu ya watoto hao, leo ni watu wa miaka thelathini. Waliletwa duniani na jambo lenyewe, na jambo hilo likawaacha nje kwa wiki au miezi michache. Nikiulizwa ni kosa gani moja la hesabu ningelirekebisha kwanza, ni hili.

Wayahudi waliosalimika walikuwa na njia nyingine, nayo haikuwa laini. Tarehe 10 Septemba 1952, mjini Luxembourg, Ujerumani Magharibi ilikubali kuipa Israel mark bilioni 3 kwa bidhaa na huduma, na mark milioni 450 kwa jumuiya iliyowawakilisha Wayahudi wengine ulimwenguni. Miezi minane kabla, Yerusalemu kulikuwa na ghasia mbele ya bunge, watu wakisema ndugu zao wanauzwa. Baadaye sheria ya Ujerumani iliweka hata bei ya siku: mark 5 kwa kila siku ya kufungwa, mark 150 kwa mwezi. Ni bei ya kuumiza moyo, na wapo waliokataa kuigusa. Hata hivyo ilikuwa sahihi ya mkosaji kwenye daftari. Malipo ya Ujerumani yamepita dola bilioni 90 kwa jumla. Mwanzoni mwa 2024 manusura Wayahudi waliokuwa hai walikadiriwa kuwa 245,000, wengi wakiwa na zaidi ya miaka 80, na mazungumzo ya fedha za kuwatunza yalikuwa bado yanafanyika kila mwaka.

Swali linalofuata ni nani angetia sahihi upande wa Rwanda. Ujerumani ilikuwa na viwanda vilivyorudi kufanya kazi. Wauaji wa Cyangugu walikuwa na majembe. Serikali iliyoua ilikimbia, iliyoingia ndiyo iliyokomesha mauaji. Wanaobaki ni walioweza kuzuia wasizuie. Tarehe 21 Aprili 1994, siku tisa kabla ya shambulio lile la Mibilizi, Baraza la Usalama lilipiga kura kikosi chake nchini Rwanda kipunguzwe kutoka wanajeshi 2,548 hadi 270. Sababu mojawapo ilikuwa usalama wa wanajeshi wenyewe. Miezi sita na nusu baadaye Baraza lilelile lilipiga kura ya kuanzisha mahakama ambayo ingekuja kugharimu bilioni 2. Kulinda kulionekana ghali Aprili, kushtaki kukawezekana Novemba. Mwaka 2021 tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilisema Ufaransa ina wajibu mzito wa yaliyotokea, na Mei mwaka huo Rais Macron aliyakiri hayo Kigali. Kukiri huko hakukuja na fungu la fidia kwa manusura.

Turudi Cyangugu. Sensa ya 1991 iliukuta mkoa una watu zaidi kidogo ya nusu milioni, na Watutsi kama 10 katika kila 100, yaani takriban 50,000. Wako wanaoamini walikuwa zaidi, kwa kuwa wengine walificha kabila. Mei 1994 waliosalia katika uwanja wa mpira wa Kamarampaka na katika parokia walikusanywa kwenye kambi ya Nyarushishi, mlimani katika eneo la chai. Afisa wa polisi-jeshi, Innocent Bavugamenshi, aliwazuia wauaji kuingia na askari wachache aliowaamini. Wanajeshi wa Ufaransa walipofika tarehe 23 Juni walikuta watu kama 8,000 kambini. Wengine walikuwa wamevuka Ruzizi, wengine wamefichwa na majirani Wahutu waliohatarisha maisha yao. Hata ukiwaongeza wote hao, hamsini elfu haikaribiwi.

Kwa nchi nzima, zoezi la kuhesabu waliouawa la mwaka 2002 lilipata watu 1,074,017 waliotajwa, na kati yao 934,218 ndio waliothibitishwa. Tofauti ni 139,799. Ni lile neno “kati” la Mibilizi, limekuwa na ukubwa wa jiji. Miongoni mwao zimo kaya zilizokwisha kabisa, ambazo hakuna aliyebaki wa kutaja jina la mtoto. Mwaka 2007 manusura walihesabiwa, wakapatikana 309,368. Kwa kila aliyeponyoka, zaidi ya watatu hawakuponyoka.

Gharama nyingine zilikuja kupimwa baadaye sana. Utafiti wa afya ya akili wa mwaka 2018 uligundua kwamba karibu manusura 28 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kiwewe, ilhali katika watu wote kwa jumla walikuwa chini ya 4. Wenye sonona walikuwa 35 kwa 100, karibu mara tatu ya wengine. Ilikuwa miaka 24 baadaye. Kila Aprili, mvua za masika zikianza na redio ikirudia majina, wapo wanaoanguka na kupiga kelele uwanjani kwenye kumbukumbu, na wahudumu huwapo tayari na magodoro.

Wazee waliopoteza watoto wote Kinyarwanda huwaita incike. Wamejengewa nyumba za kulelewa pamoja ziitwazo Impinganzima, na moja iko Rusizi. Wanaoishi humo hawana ndugu wa kuwatembelea Jumapili, kwa hiyo wanafunzi na majirani hupangiwa zamu za kuwatembelea.

Na hesabu ya Mibilizi yenyewe inaendelea. Sheria ya gacaca ilimpunguzia adhabu aliyekiri na kuonyesha alikotupa maiti. Mabaraza yamefungwa tangu 2012, lakini katika miaka ya karibuni mabaki ya mamia ya watu yamefukuliwa Mibilizi, katika ardhi ya parokia. Hukumu ya Arusha ilihesabu shambulio moja la siku moja, na mashambulio hapo yalikuwa zaidi ya moja. Miaka yote hiyo kuna watu walipita juu ya mashimo yale wakienda misa, wakienda hospitali, wakienda kuuza kahawa. Baadhi yao walijua yapo wapi. Wanaofukua hutumia majembe na mikono, wanaosha mifupa, wanapanga nguo. Manusura huja kuzitazama nguo, maana sweta au kitenge huweza kutambulika pale uso usipotambulika. Aliyepata huzika. Asiyepata hurudi nyumbani kusubiri shimo jingine lionyeshwe.